Shukrani Isiyotamkwa: Kutoa na Kupokea Nyumbani katika Bembea ya Maisha

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha jibu la aina hii: Neema ni mkarimu kwa sababu anawasaidia wazazi wake. Mtahiniwa hupata alama ya kutaja sifa na alama ya kuithibitisha, kisha kalamu nyekundu husonga mbele. Nami nimelituza jibu hilo mara nyingi hapa Iguhu, katika eneo la Ikolomani, Kaunti ya Kakamega. Jibu lenyewe si kosa. Hata hivyo, mwaka hadi mwaka nimezidi kuhisi kwamba tunapoliridhia tunawafunza wanafunzi wetu kuhesabu wema badala ya kuusoma.

Makala haya yanaichunguza tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, kwa kuangazia suala moja tu: kutoa na kushukuru katika maisha ya kila siku ya familia. Si suala la misaada mikubwa inayotangazwa kwa vipaza sauti. Ni suala la nani anapika, nani anauguza, nani anatoa nauli, nani analala wapi mgeni anapofika, na nani anayatambua hayo yote. Hoja yangu ni kwamba katika tamthilia hii shukrani haipatikani hasa katika maneno ya wahusika. Imo katika matendo yao, na msomaji anayeitafuta midomoni mwao ataikosa. Aidha, nitaonyesha kwamba kimya hicho kina gharama yake, na kwamba gharama hiyo humwangukia zaidi yule anayetoa.

Asante ni ya mgeni

Nianze na jambo la hapa nyumbani, maana ndilo lililonifungua macho. Katika jamii yetu ya Waidakho, kama ilivyo kwa Waluhya wengi, mgeni hapokelewi kwa mikono mitupu wala haagwi kwa mikono mitupu. Anayekuja na sukari na unga huondoka na ndizi, mayai, pengine kuku. Kikapu kilicholeta kitu hakirudi kitupu. Neno la kushukuru tunalo, orio, na tunalitumia. Lakini ukichunguza utaona kwamba tunalitumia zaidi kwa wageni. Mtoto hamwambii mamake asante kwa kila sahani ya ugali, wala mume wa makamo hamwambii mkewe asante kwa maji ya kuoga. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba kushukuru kila mara ni kujifanya mgeni katika nyumba yako mwenyewe.

Je, ina maana kwamba hatuna shukrani? La hasha. Ina maana kwamba shukrani yetu ya nyumbani ni zamu. Ulibebwa, nawe sasa unabeba. Ulioshwa, nawe sasa unaosha. Hapo ndipo ninapoiona maana ya jina la tamthilia hii. Bembea huenda na kurudi. Aliye juu sasa atakuwa chini baadaye, na aliyesukumwa hushuka ili naye amsukume mwenzake. Mara nyingi tumewafunza wanafunzi kwamba bembea ni ishara ya mabadiliko ya maisha, raha na karaha. Ni kweli. Naomba tuongeze maana ya pili: bembea ni ishara ya deni la upendo linalozunguka katika familia. Hakuna anayejisukuma mwenyewe siku zote.

Dina: mtoaji asiyehesabiwa

Tuanze na mhusika ambaye wanafunzi wetu humsahau. Sara ni mgonjwa na nguvu zake zimepungua. Kazi ya jikoni imemshinda, lakini wasiwasi wa chakula kuchelewa bado uko kwake, kwani mumewe Yona atarudi na atataka kula. Anayeingia kumsaidia ni jirani yake, Dina. Hana fedha za hospitali. Anachotoa ni mikono yake na muda wake.

Ukiwauliza wanafunzi waorodheshe wahusika wakarimu katika tamthilia hii, wa kwanza kutajwa atakuwa Neema, kwa sababu msaada wake ni wa fedha. Dina atatajwa mwishoni, kama atatajwa. Nimelijaribu zoezi hili darasani zaidi ya mara moja, na mara zote Dina amebaki nyuma. Sababu ni wazi: tumezoea kuuona utoaji pale tu unapoweza kuandikwa kwa tarakimu. Ilhali wahenga wanasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwandishi anaonekana kuielewa methali hiyo vizuri, kwani anatuonyesha moto wa jikoni na kazi ya jirani kabla hatujaona chochote cha mjini. Mfuatano huo una maana. Anatutaka tupime kila msaada utakaofuata kwa kipimo cha Dina.

Hapa pana somo la uchambuzi pia. Tamthilia si riwaya. Mambo mengi hayasemwi na mhusika. Yamo katika maelekezo ya jukwaani, katika mwili na mikono ya mwigizaji. Mwanafunzi anayeruka maelekezo hayo na kusoma mazungumzo peke yake amelifunga jicho moja. Mwambie asome tena akiuliza: katika onyesho hili mikono ya nani inafanya kazi, na ya nani imepumzika?

Neema na Bunju: kutoa katikati ya nyumba mbili

Neema, binti wa Sara na Yona, ameolewa na Bunju na anaishi mjini. Ndiye tegemeo la wazazi kijijini. Matibabu ya mama yanamwita, na papo hapo nyumba yake na Bunju nayo inamwita. Mwongozo mmoja baada ya mwingine unamchora Neema kama binti mwema na Bunju kama mume mgumu. Uchoraji huo ni mwepesi mno.

Tuchukue suala la Sara kulala. Anapokwenda mjini kutafuta matibabu, Bunju anashikilia kwamba mama mkwe hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake. Sara anaishia kwa Asna, binti yake mwingine, ambaye hana nafasi wala uwezo wa nyumba ya Neema. Niliposoma sehemu hii na wanafunzi wa kidato cha tatu, darasa liligawanyika mara mbili. Upande mmoja ulimshutumu Bunju. Upande wa pili, wengi wao wavulana, ulisema kwa sauti kwamba hata kwetu mama mkwe halali kwa mkwe, na kwamba Bunju hakutunga mila hiyo.

Nawasihi walimu wasiuzime mjadala huo kwa kuutaja ukale na kuendelea. Wavulana wale walisema ukweli. Miiko kati ya mtu na mama mkwe wake ipo katika jamii nyingi za Waluhya, na asili yake si chuki. Ni heshima. Lakini tuulize mila hiyo ilitegemea nini. Ilitegemea boma. Mama mkwe alipofika, hakukosa pa kulala: palikuwa na nyumba ya nyanya, ya shemeji, au ya jirani hatua chache kutoka hapo. Mwiko ulimzuia kulala katika nyumba moja, na ukoo ukampa nyumba nyingine. Katazo na ukarimu vilikwenda pamoja.

Mjini boma halipo. Kuna nyumba ya Bunju, na kuna chumba cha Asna. Bunju amelibeba katazo hadi mjini na kuuacha kijijini ukarimu uliolikamilisha. Hilo ndilo kosa lake: ameishika nusu ya mila. Mwanafunzi akilieleza hivyo, atakuwa amefanya uhakiki, na hatakuwa amelazimika kuwatukana babu zake ili apate alama.

Na Asna je? Yeye mwenye kidogo ndiye anayempokea mama. Mwandishi hahitaji kutuhubiria. Anatuonyesha mlango unaofunguka na mlango usiofunguka, kisha anatuachia kazi ya kulinganisha.

Lakini pia tumwangalie Neema kwa huruma zaidi ya ile ya sifa mbili na alama nne. Wanafunzi wengi katika madarasa yetu wanasomeshwa na shangazi, mjomba au dada aliye Nairobi, Kisumu au Nakuru. Wao ndio wanaopokea. Wanapomsoma Neema wanamwona mtu mwenye uwezo. Hawamwoni mtu aliyechoka. Niliwahi kuwapa zoezi la kuandika barua ambayo Neema angemwandikia mamake lakini asiitume. Msichana mmoja aliandika kuhusu shangazi yake, akisahau kabisa kwamba alikuwa amepewa mhusika. Aliandika kwamba kila simu kutoka nyumbani humtia shangazi hofu kabla hajaipokea, kwani hapigiwi ila pana haja. Sikuweza kumpa alama kwa barua ile. Nilimwomba ampigie shangazi simu siku moja bila ya kuomba kitu.

Yona jikoni: je, ni shukrani au ni toba?

Sasa tufike kwa Yona. Ndoa yake na Sara ina historia chungu. Walikawia kupata mtoto, na walipobarikiwa walipata mabinti, katika jamii inayomtukuza mtoto wa kiume. Yona alisikiliza kejeli za watu, akamtesa mkewe, na pombe ikawa sehemu ya maisha yake. Mabinti waliodharauliwa ndio sasa wanaoitegemeza nyumba. Kinaya hiki kimeelezwa sana na wahakiki, nami sina la kuongeza.

Ninalotaka tuliangalie ni badiliko lake. Yona yule aliyedai chakula mwanzoni, baadaye anaingia jikoni kumpikia Sara, na rafiki zake wanashangaa mwanamume kushika mwiko. Kwa mtazamo nilioutanguliza, hiki ni kitendo cha shukrani. Hatoi hotuba. Anachukua zamu. Miaka yote Sara alimpikia. Sasa bembea imegeuka.

Nilikuwa nimeridhika na tafsiri hiyo hadi mwanafunzi mmoja wa kike aliponyosha mkono. Aliuliza: "Mwalimu, mtu akikupiga miaka mingi, halafu siku moja akupikie, unapaswa kumshukuru?" Darasa lilinyamaza. Nami nilinyamaza.

Ni swali ambalo, kwa maoni yangu, tamthilia hailijibu kikamilifu, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Badiliko la Yona linapendeza jukwaani na linavunja fikra kwamba jiko ni la mwanamke. Hata hivyo linatujia kwa wepesi kuliko ulivyokuwa mzigo wa Sara. Maumivu ya miaka yanasimuliwa. Uponyaji wake unaharakishwa. Tunaona mshangao wa marafiki wa Yona kwa urefu wa kutosha, ilhali moyo wa Sara mbele ya chakula hicho tungependa kuuona zaidi. Kuna hatari hadhira ikampigia Yona makofi kwa kufanya siku chache kile ambacho Sara alikifanya maisha yake yote bila kupigiwa makofi.

Nilimjibu mwanafunzi wangu hivi, na nakuletea jibu hilo ulipime. Shukrani na toba ni vitu viwili. Anayeshukuru analipa wema. Anayetubu analipa ubaya. Chakula cha Yona kina vyote viwili ndani ya sufuria moja, na Sara ana haki ya kukila bila ya kudaiwa asante. Ukimtaka ashukuru, umemrudisha mahali pale pale alipokuwa: pa mtu anayepewa haki yake kama zawadi. Sijui kama Arege angekubaliana nami. Lakini ninaamini kwamba kazi nzuri ya fasihi ni ile inayomfanya msichana wa miaka kumi na sita aulize swali kama lile mbele ya wenzake arubaini.

Wema unaorudi kwa njia nyingine

Ili tuone kwamba suala hili si la tamthilia moja, tulinganishe na riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri, iliyowahi kuwa kitabu teule kabla ya hizi tulizo nazo. Utakumbuka kwamba Umulkheri, akiwa bado mtoto wa nyumba yenye uwezo, alimhurumia na kumpa fedha Hazina, mvulana wa mitaani. Baadaye familia ya Umu ilisambaratika, ndugu zake wakaibwa, naye akajikuta mjini bila mtu. Aliyemtambua na kumsaidia ni yule yule Hazina.

Tofauti kati ya kazi hizi mbili inafaa kufunzwa. Katika Chozi la Heri wema unarudi waziwazi, kwa mtu yule yule, na msomaji anafurahia. Wema hauozi. Katika Bembea ya Maisha mambo hayako sawasawa hivyo. Dina hampikii Sara ili Sara ampikie. Asna hapewi nyumba kubwa kwa kumpokea mama. Hapa methali inayofaa zaidi ni tenda wema nenda zako. Methali hizi mbili zinaonekana kupingana, na swali zuri la mjadala ni kuwaomba wanafunzi waseme ni ipi inayoongoza kazi ipi, wakitoa ithibati. Kwa maoni yangu, wema kwa mtu wa mbali unaweza kuwa hadithi yenye mwanzo na mwisho. Wema wa nyumbani hauna mwisho, kwa hiyo hauna siku ya kufunga hesabu.

Tukirudi nyuma zaidi, tunakutana na Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 katika eneo la Pate. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa alipomtungia binti yake utendi huo wa mawaidha. Wengi wetu tuna mengi ya kuhoji kuhusu utiifu wa mke unaosisitizwa humo, na tunapaswa kuyahoji. Lakini tuangalie tendo lenyewe. Mama mgonjwa hakujiona mtu wa kupokea tu. Alitoa alichobaki nacho, yaani maneno, na maneno hayo yamemzidi umri kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Mfano huo unatusaidia kumsoma Sara. Ni rahisi kumwona kama mzigo unaohamishwa kutoka kijijini hadi mjini na kurudi. Lakini msome tena. Ni yeye anayeizuia nyumba isivunjike. Ni yeye anayewaunganisha mabinti wanaoishi mbalimbali. Mgonjwa naye hutoa, na mtoaji asiyetambua anachopokea kutoka kwa mgonjwa hukosa shukrani yeye mwenyewe.

Darasani

Ninapendekeza mambo matatu kwa mwalimu atakayeifunza mada hii. Kwanza, badala ya kuuliza nani ni mkarimu, uliza: nani anatoa nini, anakitoa kutoka kwenye wingi au kutoka kwenye uhaba, na nani anakitambua? Swali hili humtoa Dina mafichoni. Pili, wape wanafunzi waigize onyesho moja bila maneno, kwa vitendo peke yake. Watagundua wenyewe shukrani imejificha wapi. Tatu, mjadala wa mila usiepukwe. Waache waseme wanavyofanya kwao, kisha warudi kwenye matini.

Mtu anaweza kuniambia kwamba Karatasi ya Tatu haina nafasi kwa haya yote, kwamba mtahiniwa ana maswali manne ya alama ishirini ishirini na saa hazimngoji. Nakubali. Lakini mtahiniwa aliyeelewa huandika hoja tano kwa uhakika, na aliyekariri husahau ya tatu.

Hitimisho

Nimesema kwamba shukrani ya nyumbani ni zamu, na kwamba Bembea ya Maisha inaionyesha kwa vitendo. Nimesema pia kwamba kimya kina gharama. Niruhusu nimalizie na langu.

Dada yangu mkubwa aliacha shule akaanza kuuza mboga sokoni, na sehemu ya karo yangu ya chuo kikuu ilitoka kwenye mrenda na kunde zake. Nimempelekea vitu vingi tangu nilipoajiriwa: bati, blanketi, karo ya mwanawe. Nilidhani nimelipa. Baada ya swali la yule msichana darasani, nilikwenda kwake Jumamosi moja nikamwambia, kwa maneno, kwamba ninajua alichokiacha ili mimi nisome. Alicheka, akasema, "Sasa unanishukuru kama mgeni?" Akaendelea kuchambua mboga. Baada ya muda, bila kuniangalia, akasema kwamba alikuwa akijiuliza kama niliwahi kuona.

Ndiyo sababu sikubaliani kikamilifu na malezi yaliyotuambia kwamba asante ni ya mgeni. Zamu ichukuliwe, naam. Lakini mtoaji wa nyumbani pia anahitaji kujua kwamba alionekana. Mwalimu mwenzangu, utakapofika tena kwenye jibu lile, Neema ni mkarimu, mpe mtahiniwa alama zake. Kisha umwandikie pembeni kwa kalamu nyekundu: na kwenu, Neema ni nani?